Seva Imewaka, SSH Haipokei: Kinachotokea Wakati wa Kuwasha na Kuzima

Umeme umekatika usiku, umerudi alfajiri, seva imewaka yenyewe. Ukiipigia ping inajibu. Tovuti iliyomo ndani yake inafunguka, hifadhidata inafanya kazi. Ila ukijaribu kuingia kwa SSH, njia ya kuiendesha seva kwa amri kutoka mbali, unaambiwa `Connection refused`, na wewe mwenye seva huna pa kupitia. Mara nyingi chanzo hakikutokea usiku ule. Kuna kitu kilibadilishwa wiki au miezi kadhaa nyuma, kikakaa kimya hadi siku mashine ilipozimwa na kuwashwa.

Huduma nyingine zikigoma, unaingia kwa SSH unazirekebisha. SSH ikigoma yenyewe, ni sawa na kufungia ufunguo ndani ya nyumba: kila unachohitaji ili ufungue kiko upande usioufikia. Kwa sababu hiyo naamini hakuna huduma kwenye seva inayostahili kueleweka vizuri kuliko hii: nani anaianzisha, baada ya nini kuwa tayari, nani anaisimamisha, na kabla ya nini kuondoka. Karibu kila tatizo lake la kuwaka na kuzima ni la mpangilio, yaani nini kitangulie nini.

Maelezo haya yanahusu OpenSSH kwenye Linux inayotumia systemd (programu inayoanzisha na kusimamisha huduma zote za mashine), hasa Debian na Ubuntu, kwa kuwa ndizo wengi wetu tunazozikuta kwenye seva za kukodi.

Kabla ya kugusa chochote, soma ujumbe uliopewa, kwa sababu kila ujumbe unaeleza kazi imefika wapi. `Connection timed out` maana yake pakiti zako hazikupata jibu: huenda seva imezimwa, mtandao haujafika, au ukuta wa moto unazimeza. `Connection refused` kwa kawaida huonyesha kuwa mashine iko hai na mtandao wake unafanya kazi, ila hakuna programu inayosikiliza kwenye poti ya SSH. Kwa maneno mengine, keneli, yaani kiini cha mfumo, imewaka na `sshd`, programu ya SSH upande wa seva, haijaanza, au ilianza ikafa. Upo ujumbe wa tatu ambao huwashangaza watu: unaunganishwa vizuri, unaandika nywila sahihi, kisha unaambiwa `System is booting up. Unprivileged users are not permitted to log in yet.` Hapo `sshd` iko kazini, na kilichobaki ni mfumo kutoa ruhusa. Huo nitaurudia baadaye.

SSH yenyewe ilizaliwa mwaka 1995, pale Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland, alipoitengeneza baada ya mtu kunasa nywila zilizokuwa zikipita wazi kwenye mtandao wa chuo. Wakati huo watu waliingia kwenye mashine za mbali kwa telnet na rlogin, na kila walichoandika kilisafiri bila kufichwa. OpenSSH, ambayo ndiyo inayotumika karibu kila mahali leo, ilitolewa na watu wa OpenBSD mwishoni mwa mwaka 1999. Upande wa seva ni programu iitwayo `sshd`, inayokaa nyuma ikisubiri wageni kwenye poti 22.

Zamani kuianzisha kulikuwa suala la namba. Katika mfumo wa SysV kulikuwa na hati ya amri ndani ya `/etc/init.d`, na kwenye saraka kama `/etc/rc2.d` kulikuwa na viungo vyenye majina yaliyoanza na S au K pamoja na namba. S ilimaanisha anzisha, K ilimaanisha ua, na namba ilipanga foleni: ndogo kwanza, kubwa baadaye. Mfumo huo ulieleweka kwa kuutazama tu kwa macho. Udhaifu wake ni kwamba foleni haikujua sababu. Hati namba 20 ilikuja baada ya hati namba 15 hata kama ile ya 15 ilikuwa imeshindwa kabisa.

systemd ilikuja mwaka 2010, Fedora ikaifanya mfumo wake wa kuwashia mwaka 2011, Debian na Ubuntu mwaka 2015. Yenyewe haitumii namba. Kila huduma ina faili linalotaja inachohitaji na inachopaswa kukifuata, na systemd huanzisha vitu vingi kwa wakati mmoja ikizingatia maelezo hayo tu. Kama hukusema SSH isubiri kitu fulani, haitakisubiri.

Hapa ndipo kosa la kwanza, na la kawaida kuliko yote, linapoingia. Amri ya `systemctl start ssh` huanzisha huduma sasa hivi. Amri ya `systemctl enable ssh` huiandikisha ili ianzishwe kila mashine inapowaka. Ni mambo mawili tofauti, na la kwanza halizai la pili. Mtu anayesakinisha, akaanzisha, akajaribu, akaona inafanya kazi, anaondoka akiamini amemaliza. Seva inaweza kukaa mwaka mzima hivyo, na siku ya kuwashwa upya huduma haipo. `systemctl enable --now ssh` hufanya yote mawili, na `systemctl is-enabled ssh` hukujibu bila kuhitaji kuzima chochote. Debian huandikisha na kuanzisha huduma mara tu kifurushi kinaposakinishwa, kwa hiyo aliyezoea Debian hukwama akihamia mfumo wenye desturi nyingine. Jina nalo hutofautiana: kwa Debian na Ubuntu huduma huitwa `ssh`, kwa Fedora na Red Hat huitwa `sshd`. Kwenye FreeBSD ni mstari wa `sshd_enable="YES"` ndani ya `/etc/rc.conf`, na kwenye Windows huduma ya OpenSSH ikisakinishwa huja ikiwa ya kuanzishwa kwa mkono mpaka uibadilishe iwe ya kujianzisha.

Kuna waliochagua kutoiwasha kabisa, na walikuwa na sababu nzuri. Mwezi Novemba 2016 mfumo wa Raspberry Pi uliacha kuwasha SSH moja kwa moja. Mashine zile ziliuzwa kwa wingi, zote zikiwa na mtumiaji `pi` na nywila `raspberry`, na mwaka huohuo kirusi cha Mirai kilikuwa kimeonyesha dunia kinachoweza kufanywa na vifaa vyenye nywila za kiwandani. Walichoweka badala yake ni utaratibu ninaoupenda kwa usahili wake: unaweka faili tupu lenye jina `ssh` kwenye sehemu ya kuwashia ya kadi, mashine ikiwaka inaliona, inawasha SSH na kuiandikisha, kisha inalifuta faili hilo. Aliye na kadi mkononi anaweza kufungua. Aliye mbali hawezi.

Sasa tulitazame faili lenyewe. Andika `systemctl cat ssh` kwenye Debian na, pamoja na mistari mingine, utaona hii:

```
After=network.target auditd.service
ExecStartPre=/usr/sbin/sshd -t
ExecStart=/usr/sbin/sshd -D $SSHD_OPTS
ExecReload=/usr/sbin/sshd -t
ExecReload=/bin/kill -HUP $MAINPID
KillMode=process
Restart=on-failure
RestartPreventExitStatus=255
Type=notify
```

Mstari wa kwanza ndio unaodanganya wengi. `After=network.target` unasomeka kama ahadi kwamba SSH itaanza mtandao ukiwa umekamilika. Hauahidi hivyo. Wakati wa kuwaka, `network.target` inasema tu kwamba programu ya kusimamia mtandao imeanzishwa. Haisemi kuwa kadi ya mtandao imepata anwani. Kazi yake kubwa iko wakati wa kuzima, kwa sababu systemd husimamisha vitu kwa mpangilio uliogeuzwa: kilichoanza baada ya mtandao kitasimamishwa kabla mtandao haujaondolewa.

Kwa wengi hilo halina madhara. `sshd` isipopewa maelekezo husikiliza kwenye anwani zote, na inaweza kufanya hivyo hata kabla anwani yoyote haijapatikana. Tabu inaanza pale msimamizi mwangalifu anapotaka SSH ipokee kupitia mtandao wa ndani tu, akaandika `ListenAddress 10.0.0.5` kwenye `sshd_config`. Anaanzisha upya huduma, inafanya kazi, kwa kuwa anwani hiyo tayari ipo. Siku mashine inapowashwa upya, `sshd` inawahi kuliko DHCP, huduma inayoipa mashine anwani, inaomba kusikiliza kwenye anwani ambayo bado haipo, inaandika `Cannot assign requested address`, kisha `Cannot bind any address`, na inatoka.

Ungetarajia systemd ijaribu tena, kwani mstari wa `Restart=on-failure` upo. Soma unaoufuata. `sshd` inapokufa kwa kosa la aina hii hutoka na namba 255, na `RestartPreventExitStatus=255` inaamuru kwamba ikitoka na 255 isianzishwe tena. Nia ilikuwa njema: usanidi wenye kosa usizungushe huduma bila kikomo. Lakini anwani iliyochelewa kwa sekunde 3 nayo inahesabiwa kosa la kudumu, na SSH inabaki imekufa hadi mtu aifikie mashine kwa njia nyingine. Fedora imechagua tofauti: huduma yao husubiri sekunde 42 kisha hujaribu tena, na muda huo kwa kawaida unatosha anwani kufika. Kwa maoni yangu uamuzi wa Fedora ndio unaomfaa mtu mwenye seva iliyo mbali.

Tiba zipo kadhaa na hazilingani. Unaweza kuandika `systemctl edit ssh` na kuongeza `Wants=network-online.target` pamoja na `After=network-online.target`. Hapo SSH itasubiri mtandao uwe umepata anwani kweli. Gharama yake ni kwamba DHCP ikikwama, kuwaka kwa SSH kunakwama nayo, na kama mtandao unaosubiriwa ni wa kadi nyingine usiyoihitaji, umejifungia nje tena kwa njia mpya. Unaweza pia kuiruhusu keneli ikubali programu kusikiliza kwenye anwani isiyokuwepo bado, kwa kuweka `net.ipv4.ip_nonlocal_bind=1`. Ninayoipendekeza mimi ni rahisi zaidi: iache `sshd` isikilize kwenye anwani zote, na kazi ya kuchagua nani aingie uipe ukuta wa moto. Kuwaka kwa SSH hakutategemea tena kasi ya mtandao.

Kitu kingine ambacho `sshd` haiwezi kukikosa ni funguo za seva, zile zinazomthibitishia mgeni kwamba amefika mashine aliyoikusudia. Zinakaa ndani ya `/etc/ssh` na hutengenezwa mara moja tu, kwa kawaida kifurushi kinaposakinishwa au mashine inapowaka kwa mara ya kwanza. Na mara ya kwanza ndiyo saa mbaya kuliko zote kwa kazi hiyo. Ufunguo mzuri unahitaji namba zisizotabirika, na keneli hukusanya hali hiyo ya kutotabirika kutoka kwenye matukio: kubofya, diski, mtandao. Mashine iliyowaka sekunde chache zilizopita, bila kibodi, bila historia, haina matukio ya kutosha. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walipokagua funguo za intaneti nzima walikuta vifaa vidogo vingi, ruta na kadhalika, vikiwa na funguo dhaifu kwa sababu hiyohiyo.

Debian iliwahi kuumia hapa kwa namna yake. Badiliko moja kwenye OpenSSL, maktaba ya usimbaji, la mwaka 2006 liliondoa karibu vyanzo vyote vya kutotabirika, kikabaki namba ya mchakato peke yake. Lilipogunduliwa mwezi Mei 2008, ilidhihirika kwamba kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo kulikuwa na uwezekano wa funguo 32,768 tu, idadi ambayo mtu anaweza kuijaribu yote. Baadaye keneli za Linux zilipoanza kukataa kutoa namba kabla ya kuwa na akiba ya kutosha, tatizo liligeuka sura: kwenye Debian 10 ya mwaka 2019 baadhi ya watu waliona SSH ikichelewa kuwaka kwa sababu ilikuwa ikisubiri akiba hiyo, na wengine waligundua kwamba ukigusagusa kibodi inaamka. Linux 5.4, mwishoni mwa mwaka huohuo, iliifanya keneli ijitengenezee akiba hiyo yenyewe badala ya kusubiri.

Kwa anayetengeneza seva kwa kunakili diski ya kompyuta pepe moja, hapa kuna hatari anayoibeba bila kujua. Nakala zote zinawaka na funguo zilezile. Aliyeiba ufunguo wa moja anaweza kujifanya yoyote kati yake. Kabla ya kunakili, futa mafaili ya `/etc/ssh/ssh_host_*`, na hakikisha kuna kitu kitakachotengeneza mapya mashine ikiwaka. cloud-init, programu inayoandaa seva inapowaka mara ya kwanza, hufanya hivyo yenyewe kwenye seva mpya za kukodi, na Fedora ina huduma ya kutengeneza funguo inayotangulia `sshd`. Kama huna lolote kati ya hayo, amri ni `ssh-keygen -A`, na lazima iendeshwe kabla ya `sshd` kuanza. Ukifuta bila kuandaa mtengenezaji, `sshd` itakataa kuwaka na utarudi kwenye `Connection refused`.

Nilisema nitaurudia ule ujumbe wa tatu. systemd ikianza kuwasha mashine huweka faili `/run/nologin`. Maadamu lipo, moduli ya PAM (mfumo wa Linux wa kukagua anayeingia) iitwayo `pam_nologin` humkatalia kila mtu isipokuwa root, msimamizi mkuu. Huduma ya `systemd-user-sessions` ndiyo inayolifuta mambo ya msingi yakiwa tayari, kama vile mtandao na diski za mbali ambazo huenda ndiko zilipo folda za watumiaji. Diski ya mbali ikikwama, faili halifutwi, na watumiaji wanabaki nje ingawa SSH inawapokea hadi mlangoni. Ukiwa umemzuia root kuingia kwa SSH, kama inavyoshauriwa, hakuna atakayeingia. Upande wa kuzima faili hilohilo hurudi: ukipanga kuzima kwa `shutdown -h +30`, dakika 5 kabla ya muda kufika linawekwa tena ili asiingie mtu mpya kuanza kazi atakayokatiwa.

Na kuzima ndiko kulikokuwa na kasoro iliyosumbua watu miaka mingi. Unaandika `reboot` kwenye SSH, na badala ya kurudishiwa terminali yako, dirisha linaganda. Herufi haziandikiki. Seva imeshawaka upya na wewe bado unatazama skrini iliyokufa.

Sababu yake iko kwenye `KillMode=process`. Kila anayeingia kwa SSH hupewa mchakato wake, mtoto wa `sshd` mama. Kwa kawaida systemd ikisimamisha huduma huua michakato yake yote. Mstari huu unaiamuru imuue mama tu na kuwaacha watoto. Ni mstari wa thamani kubwa, kwa kuwa ndio unaokuwezesha kuanzisha upya SSH ukiwa umeingia kwa SSH hiyohiyo bila kukatwa. Lakini wakati wa kuzima ulileta shida: mama alisimamishwa, watoto wakabaki, mtandao ukaondolewa, kisha mwisho kabisa watoto wakauawa wakati hakuna tena njia ya kumwambia mgeni kwaheri. Kompyuta yako haikupata taarifa kwamba mazungumzo yamekwisha, ikaendelea kusubiri.

Suluhisho lilikuwa kumpa kila mgeni kikao chake nje ya huduma ya SSH. Kifurushi cha `libpam-systemd` kikiwepo na `UsePAM yes` ikiwa kwenye usanidi, anayeingia anasajiliwa na logind, sehemu ya systemd inayosimamia vikao, na michakato yake inahamishiwa kwenye fungu la kikao chake. Fungu hilo limepangwa kuanza baada ya `systemd-user-sessions`, nayo imepangwa kuanza baada ya mtandao. Geuza mpangilio: vikao vinafungwa kwanza, ruhusa ya kuingia inaondolewa, ndipo mtandao unaondoka. Mteja anapata taarifa, na wewe unaona `Connection closed` mara moja. Kwenye seva ndogo zilizosakinishwa kwa kupunguza vifurushi, `libpam-systemd` mara nyingi ndiyo iliyoachwa, na dirisha kuganda wakati wa `reboot` ni dalili yake.

Dirisha likishaganda, usilifunge kwa hasira. Bonyeza Enter, kisha `~`, kisha nukta. SSH upande wako inaelewa hiyo kuwa amri ya kukata. Na kwa kuzuia lisigande muda mrefu, weka `ServerAliveInterval 15` kwenye `~/.ssh/config`, seva isipojibu mara 3 mfululizo, baada ya sekunde kama 45 muunganisho unakatwa wenyewe.

Kuhusu kuzima, usisahau ajali ya kibinadamu: kuandika `reboot` kwenye dirisha ulilodhani ni la kompyuta yako, kumbe ni la seva ya kazini. Debian wana kifurushi kidogo kiitwacho molly-guard. Kikiona umeingia kwa SSH na unataka kuzima au kuwasha upya, kinakuomba uandike jina la mashine kwanza. Kikisakinishwa kwenye kila seva muhimu, kitakuwa kimejilipa siku moja tu ya uchovu.

Rudi kwenye faili, mstari wa `Type=notify`. Unasema kwamba `sshd` ikiwa tayari kupokea wageni itaijulisha systemd. Ujumbe wenyewe ni mfupi mno, maneno `READY=1` yanayotumwa kwenye soketi ya ndani. OpenSSH ya asili wakati huo haikuwa na kipengele hicho, hivyo Debian, Fedora na wengine waliiongezea kwa kuiunganisha na maktaba ya `libsystemd`. Maktaba hiyo nayo iliivuta `liblzma`, ya kubana na kupanua mafaili, ambayo SSH haikuwa na shughuli nayo hata kidogo. Tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayefanya kazi kwenye PostgreSQL, alitangaza kwamba matoleo ya xz 5.6.0 na 5.6.1, yanakotoka hiyo `liblzma`, yalikuwa yamepandikizwa mlango wa siri uliolenga `sshd`. Alikuwa ameona kuingia kwa SSH kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida, akafuatilia. Mlango huo ulikuwa umeshafika kwenye matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora.

Tukio hilo lilinigusa sana, kwa sababu linaonyesha urahisi wa kuwasha huduma ulivyoweza kuileta hatari yote ile ndani: maktaba nzima ilivutwa ili kutuma ujumbe mmoja mfupi wakati wa kuwaka. OpenSSH 9.8, iliyotoka tarehe 1 Julai 2024, iliandika yenyewe sehemu hiyo ya kuijulisha systemd, bila maktaba yoyote ya nje.

Toleo hilohilo lilileta somo la kuanzisha upya. Lilikuwa na haraka, kwani liliziba tundu lililopewa namba CVE-2024-6387, na watu wengi walisasisha siku hiyohiyo. Ndani yake `sshd` ilikuwa imegawanywa: programu moja inasikiliza, nyingine iitwayo `sshd-session` inahudumia kila mgeni. Kwenye Arch Linux, `sshd` ya zamani iliyokuwa bado inazunguka kwenye RAM haikuweza kupokea miunganisho mipya baada ya mafaili kubadilishwa chini yake. Arch ilibidi itangaze kwamba ukishasasisha, anzisha upya huduma papo hapo kabla hujatoka. Aliyesasisha na kufunga dirisha alijikuta nje.

Ubuntu nayo ilibadilisha swali la nani anasikiliza. Kuanzia toleo la 22.10, poti 22 inashikiliwa na systemd yenyewe kupitia `ssh.socket`, na `sshd` haianzishwi mpaka mgeni wa kwanza abishe hodi. Faida ni RAM kidogo kwa mashine nyingi zisizoingiwa mara kwa mara. Usumbufu ni kwamba mazoea mengi yanavunjika. `systemctl status ssh` inaweza kukuonyesha `inactive` wakati SSH inapokea vizuri tu. Ukiandika `systemctl stop ssh`, poti inabaki wazi, na mgeni anayefuata anaiamsha tena. Anayetaka kufunga kweli lazima asimamishe `ssh.socket` pia. Namba ya poti kwenye 22.10 ilihitaji kubadilishwa kwenye usanidi wa soketi, na kuiandika kwenye `sshd_config` peke yake hakukutosha. Kwenye 24.04 mfumo unaisoma `sshd_config` na kutengeneza usanidi wa soketi kutokana nayo, lakini tu baada ya `systemctl daemon-reload` na `systemctl restart ssh.socket`. Asiyetaka mpango huu anaweza kuzima `ssh.socket` kwa `disable --now` na kuiandikisha `ssh.service` kwa `enable --now`, na hakuna ubaya.

Kwa yeyote anayebadilisha usanidi wa SSH kwenye mashine ya mbali, utaratibu salama una hatua chache, na naomba usiruke hata moja. Nakili faili la zamani kwanza: `sudo cp /etc/ssh/sshd_config /etc/ssh/sshd_config.bak`. Fanya badiliko. Endesha `sudo sshd -t`. Kama hakuna kosa la uandishi haitasema kitu. Kisha, kabla ya kuanzisha upya, jiwekee njia ya kurudi:

```
sudo systemd-run --unit=rudisha-ssh --on-active=10m /bin/sh -c \
 'cp /etc/ssh/sshd_config.bak /etc/ssh/sshd_config && systemctl restart ssh'
```

Sasa anzisha upya huduma, acha dirisha ulilomo likiwa wazi, na ufungue jipya kujaribu kuingia. Ukiingia, futa saa ile kwa `sudo systemctl stop rudisha-ssh.timer`. Usipoweza, subiri dakika 10 na usanidi wa zamani utarudi wenyewe. Saa hiyo inaishi kwenye `/run`, na hufutika mashine ikizimwa, kwa hiyo usiwashe upya seva ukiitegemea. Kwa kusasisha mfumo mzima kutoka toleo moja hadi jingine, Ubuntu hufanya tahadhari ya namna hii kwa niaba yako: `do-release-upgrade` ikiona umeingia kwa SSH huanzisha `sshd` ya pili kwenye poti 1022, ili ya kwanza ikianguka katikati ya kazi uwe na pa kupitia. Ukuta wa moto ndio haifungui, hivyo poti hiyo uifungue mwenyewe kabla ya kuanza.

Usanidi ukishapita majaribio hayo, bado haujajaribiwa kwa kuwashwa. Kosa la `ListenAddress` linapita `sshd -t`, linapita `restart`, na linaonekana tu mashine ikiwaka kutoka mwanzo. Panga muda ambao watumiaji ni wachache, hakikisha unaifikia konsoli ya anayekukodishia seva kupitia kivinjari na kwamba nywila yake unaijua, kisha washa upya kwa makusudi. Ikirudi, soma `journalctl -b -u ssh` uone ilianza saa ngapi na ikilalamikia nini. Isiporudi, konsoli iko mbele yako, ni mchana, na `journalctl` ileile itakuonyesha mstari uliokwamisha.